Uzi maalumu: Umeharibu bati la ndege unayojijengea? Pitia hapa kabla hujashika drili tena

Nyundo Ndogo (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam.

Haipiti muda bila mtu kupandisha picha ya ribiti (kile kipini cha kuunganishia mabati) iliyolala ubavu au tundu lililogeuka namba nane, na chini yake majibu yanamiminika: tupa bati, weka kiraka, paka rangi usonge mbele. Nimeona tuwe na uzi mmoja wa makosa ya bati peke yake. Nazungumzia ndege ndogo za alumini za kujijengea, hasa zile za ribiti za kugonga kwa bunduki ya hewa. Wenzetu wa ribiti za kuvuta, wajenzi wa Zenith na Sonex, mengi yatawafaa, ila si yote.

Msimamo wangu nautaja mapema ili atakayebisha abishe vizuri: kosa la kwanza kwenye bati mara nyingi ni dogo. Kinachoharibu kazi ni kulisahihisha kwa pupa. Ribiti moja mbaya inatolewa vibaya, tundu linapanuka, linatobolewa kubwa zaidi, umbali wa ukingo unapotea, na sasa mtu anaagiza bati jipya kwa sababu ya kitu ambacho mkaguzi angekitazama na kupita. Kwa hiyo weka drili chini kwanza. Chukua kalipa upime.

Tuanze na ribiti, ndiko kwenye vilio vingi.

Ribiti tunazotumia zaidi ni AN426AD za kichwa bapa na AN470AD za kichwa cha mviringo. Hizo herufi AD maana yake aloi ya 2117, na utazitambua kwa kidoa kilichobonyea katikati ya kichwa. Kabla ya kugonga, shina litokeze upande wa nyuma kama mara moja na nusu ya kipenyo chake. Ukimaliza, kichwa cha nyuma, yaani kile ulichokitengeneza kwa kugonga, kiwe na upana wa mara moja na nusu ya kipenyo na kimo cha nusu ya kipenyo. Kwa namba 3, yaani inchi 3/32, hiyo ni upana wa karibu milimita 3.6 na kimo cha milimita 1.2. Kwa namba 4, inchi 1/8, ni 4.8 na 1.6. Tengeneza geji ya kipande cha bati lenye matundu ya vipimo hivyo, uitundike karibu na meza. Jicho pekee linadanganya, hasa usiku.

Ribiti ambazo lazima zitoke: ambayo mabati yameachana na shina likavimba katikati yake; ambayo kichwa cha kiwandani hakijakaa chini; iliyojikunja yote ikalala bila kutengeneza kichwa; na inayozunguka ukiishika. Iliyoegemea kidogo tu, imebana, imefunika tundu lote na haina ufa, mimi naiacha. Mipaka kamili ya kasoro inayokubalika iko kwenye maelekezo ya waliochora ndege yako, na hayo ndiyo ya kufuata, si maneno yangu.

Jinsi ya kuitoa. Piga sentapanchi kidogo katikati ya kichwa cha kiwandani, kwenye kile kidoa. Toboa kwa biti ya kipimo kilekile cha tundu (namba 40 kwa ribiti ya 3/32, namba 30 kwa ya 1/8) au ndogo zaidi kwa hatua moja, na uishie kwenye kina cha kichwa tu. Hapa ndipo watu wanapopotea: wanaendelea mpaka shina lote, biti inakwepa kwenye alumini laini ya ribiti, inakula bati. Ukishafika kina cha kichwa, ingiza panchi nyembamba ndani ya tundu na uiinamishe, kichwa kitakatika. Kisha kingia nyuma kwa gogo lenye tundu na ugonge shina taratibu litoke. Bila kukingia utaikunja mbavu ya bawa, na mbavu ikishakunjika ribiti itakuwa tatizo dogo kabisa ulilonalo.

Shina likigoma, toboa ndani yake kwa biti nyembamba zaidi, lilegee, halafu livute kwa nyuma kwa koleo. Usitie bisibisi chini ya kichwa cha nyuma ukabinua. Kovu utakaloacha litakaa kwenye bati muda mrefu kuliko ribiti yenyewe.

Tundu likibaki zima, rudisha ribiti ya kipimo kilekile. Likipanuka kidogo sana, ribiti ya kugonga hujaza tundu yenyewe maana shina linavimba, ila chukua ndefu zaidi kwa nusu hatua ili chuma cha kutengeneza kichwa kisipungue.

---

Pini Mia

Nimeweka kambi. Endelea mkuu, na dimpo usisahau, kile kibonyeo cha kulaza kichwa cha ribiti bapa.

---

Bawa la Kushoto

Mkuu Nyundo, nakuheshimu, lakini hili la kuacha ribiti mbaya ni kuhalalisha uvivu. Leo anaacha moja, kesho anaacha kumi, na kwa sababu zote "zinavumilika" hajifunzi kugonga. Ndege si banda.

---

Nyundo Ndogo

Mkuu Bawa, tofautisha kujifunza na kusahihisha. Kugonga unajifunzia kwenye mabaki ya bati, gonga mpaka mkono uchoke. Bati la ndege si daftari la mazoezi.

Twende kwa hesabu. Ribiti ya AD ya namba 3 inabeba takriban pauni 217 kabla ya kukatwa kwa ubavu, ya namba 4 takriban 388. Kwenye mstari mrefu wa ngozi ya bawa, ribiti moja yenye kichwa cha nyuma kilichoegemea bado inabeba sehemu kubwa ya mzigo wake, maana mzigo wa pale ni wa kukata shina, hauvuti kichwa cha ribiti. Sasa linganisha na tundu la duara baya, lenye mkwaruzo wa biti kwenye ukingo. Hapo ndipo ufa unapoanzia. Umeondoa kasoro isiyokua ukaweka inayokua.

Lakini ziwe kumi mfululizo? Hapo nakubaliana nawe moja kwa moja. Kumi mfululizo maana yake chombo kimewekwa vibaya: shinikizo la hewa limezidi, au urefu wa ribiti si wenyewe, au aliyeshika chuma cha kukingia anakiinamisha. Simamisha kazi utafute sababu.

---

Bawa la Kushoto

Hiyo ya kumi umeniridhisha. Ya moja bado nina shaka, ila tusonge.

---

Mgeni wa Mkia

Wakuu, mimi ni mgeni kwenye bati. Kwenye mkia kuna tundu limekuwa namba nane, tundu la ngozi na la mbavu chini yake havikulingana. Ribiti ni namba 3. Rafiki ananiambia nitoboe namba 30 niweke ribiti ya namba 4, yamekwisha. Nifanye hivyo?

---

Nyundo Ndogo

Karibu mkuu. Rafiki yako anaweza kuwa sahihi, lakini amekuruka hatua mbili.

Ya kwanza: tundu la namba 30, karibu milimita 3.26, litafuta ile nane yote? Chora duara kwa kalamu ya wino kwenye mkanda wa karatasi juu ya tundu uone. Likiacha jino pembeni, umepanua tundu na ufa bado una pa kuanzia.

Ya pili, umbali wa ukingo. Kanuni ya kawaida, iliyomo hata kwenye AC 43.13-1B ya mamlaka ya anga ya Marekani, ni kwamba kutoka katikati ya tundu hadi ukingo wa bati pasipungue mara mbili ya kipenyo cha ribiti. Namba 3 inahitaji milimita 4.8. Namba 4 inahitaji 6.4. Upinde wa mbavu ni mwembamba, na nane ikiwa imeelekea ukingoni, ribiti kubwa zaidi itakutoa nje ya kanuni papo hapo. Kumbuka kupima kwenye mbavu, kule ndani. Watu wengi wanapima kwenye ngozi kwa kuwa ndiyo inayoonekana.

Ikiwa vipimo vinakubali, kuna ribiti za NAS1097. Namba 4 yake ina shina la inchi 1/8 lakini kichwa kinakaribiana na cha AN426 ya namba 3, kwa hiyo dimpo ulilokwisha kulibonyeza linakifaa na ngozi inabaki bapa. Weka pakiti yake kwenye droo. Kichwa chake kidogo hakistahimili kuvutwa kama cha kawaida, ndiyo maana ni cha kuokolea matundu machache tu, usijengee mstari mzima.

Vipimo visipokubali, usilichokoze. Acha tundu hilo, weka ribiti mpya pande zake mbili kama nafasi inaruhusu (kati ya ribiti na ribiti pasipungue mara tatu ya kipenyo), au andikia waliochora ndege wakupe mchoro wa kiraka. Wapelekee picha yenye rula ndani yake. Bila rula watakuuliza, na utasubiri mara mbili.

---

Mgeni wa Mkia

Nimepima ndani. Milimita 5 na ushee. Kwa hiyo namba 4 haikubali. Asante sana mkuu, nilikuwa nimeshafunga biti kwenye drili.

---

Mzee Tupa

Vijana hamjambo. Ribiti mmezisema vizuri, niongeze mikwaruzo, maana naona mnaipuuza.

Mabati mengi ya ndege hizi ni aloi ya 2024-T3 iliyovikwa alumini safi, Alclad. Shaba iliyomo ndani ya 2024 ndiyo inayoipa nguvu, na ndiyo inayoifanya iliwe haraka na kutu. Lile vazi la juu ndilo linaloikinga. Kwa mabati membamba ni kama asilimia 5 ya unene kila upande. Sasa piga hesabu: bati la milimita 0.8 lina vazi la milimita 0.04. Ukilisugua kwa hasira ili ling'ae, umelivua.

Mkwaruzo ambao ukucha haukwami, safisha, paka praima, endelea. Ukucha ukikwama, tumia msasa laini wa 400 halafu 600, fuata urefu wa mkwaruzo, na upanue bonde lake liwe pana na la mteremko mpole badala ya mfereji wenye ncha. Kisha praima, kwa sababu hapo vazi halipo tena. Mkwaruzo unaokatisha njia ya mzigo, kwa mfano unaokata ngozi ya bawa kutoka mbele kwenda nyuma karibu na mhimili, ni mbaya kuliko unaokwenda sambamba na bawa. Huo usiuamue peke yako.

Na msitumie sufu ya chuma wala brashi ya waya wa chuma kusafishia. Chembe zinabaki ndani ya alumini zinaanza kuila. Kalamu ya risasi nayo ni hivyo hivyo, iacheni kwa seremala. Mwenye bati la 6061 hana vazi, lakini aloi yenyewe inastahimili kutu vizuri zaidi, kwa hiyo kwake ni nafuu kidogo.

Mnadhani nakuza mambo? Mei 25, 2002, Boeing 747 ya China Airlines, safari namba 611, ilivunjika angani juu ya mlango wa bahari wa Taiwan, watu 225 wakafa. Mwaka 1980 mkia wake uligonga njia ya kurukia kule Hong Kong. Mabati yaliyokwaruzwa hayakuondolewa, yakafunikwa kwa kiraka, na kiraka hakikuenea vya kutosha kupita eneo lililoumia. Mikwaruzo ikazaa nyufa chini ya kiraka, mahali ambapo hakuna jicho linalofika, kwa miaka 22.

---

Pini Mia

Shikamoo mzee. Lakini ile ni ndege kubwa inayojazwa hewa ndani, kila safari ngozi inavimba na kunywea. Zetu hazijazwi hewa. Tusitishane.

---

Mzee Tupa

Marahaba. Ni kweli, mzigo wa bodi yake si wa bodi yako. Lakini sikuzungumzia hewa, nimezungumzia kufunika. Bawa lako nalo linapinda juu na chini kila ukiruka, na linatikiswa na injini. Ufa chini ya kiraka hauulizi ndege ina viti vingapi.

---

Nyundo Ndogo

Mzee amenipeleka nilikotaka kwenda, viraka.

Kiraka kinafanya kazi kwa kupokea mzigo upande mmoja wa jeraha na kuurudisha upande wa pili. Ndiyo maana idadi ya ribiti pande zote mbili ina maana kuliko unene wa kiraka. Aloi iwe ileile, unene uwe uleule au wa hatua moja juu. Pembe ziwe za mviringo. Jeraha likatwe litoke lote kwanza, au kama ni ufa, mwisho wake utobolewe tundu dogo la kuuzuia, kisha ndipo ufunike.

Mfano wa kiraka kinachoonekana sawa lakini hakifanyi kazi ni wa Japan Airlines 123, Agosti 12, 1985. Watu 520 walikufa. Mwaka 1978 ukuta wa nyuma wa kuzuia hewa ulikarabatiwa, na bati la kuunganishia lililotakiwa kuwa moja zima likawekwa likiwa limekatwa vipande viwili. Kwa mtazamaji ribiti zilikuwepo zote. Kimzigo, palipotakiwa mistari miwili ya ribiti kushirikiana, mmoja ndio ulibaki unabeba. Ulidumu zaidi ya safari 12,000 kisha ukaachia. Kwa hiyo mtu akikutumia mchoro wa kiraka, usiukate vipande kwa sababu haupiti kwenye mlango wa kukagulia. Muulize tena.

---

Mtoboaji

Na kuchimba mdomo wa tundu kwa biti ya nyuzi 100? Bati la spa (mhimili wa bawa) limechimbwa kina zaidi, kichwa cha ribiti kinazama chini ya uso. Kinazama kiasi cha unene wa karatasi ya kawaida hivi.

---

Nyundo Ndogo

Kiasi cha karatasi kwenye bati nene la spa, mimi ningeandika kwenye kumbukumbu na kuendelea, kama tundu la chini halijapanuka. Ribiti ikizama kidogo ni tatizo la sura.

Shida ni bati jembamba. Kwa ribiti ya namba 3 usichimbe bati chini ya inchi 0.032, kwa namba 4 chini ya 0.040. Chini ya hapo unabonyeza dimpo. Ukichimba bati jembamba, koni inafika upande wa pili na ukingo wa tundu unakuwa makali ya kisu. Makali hayo yalikuwa sehemu ya hadithi ya Aloha 243, Aprili 28, 1988, ile Boeing 737 iliyong'oka paa angani: gundi ya maungio ilipoachia, mzigo ukahamia kwenye ribiti zilizokaa kwenye matundu ya aina hiyo, nyufa zikaunganika tundu hadi tundu.

Kichimbio chenye kizuizi cha kina ni lazima, na ukiweke sawa kwenye kipande cha majaribio chenye unene uleule kila unapobadili ribiti. Kizuizi hulegea chenyewe kwa mtikisiko. Kikague kila baada ya matundu kadhaa.

---

Pini Mia

Dimpo mkuu.

---

Nyundo Ndogo

Haya, dimpo. Kuna makosa mawili.

Kwanza, dimpo lililobonyezwa upande usio wake. Kishawishi ni kulibana liwe bapa halafu kulibonyeza upya. Bati lililokunjwa, likanyooshwa, likakunjwa tena limekakamaa, na nyufa za kwenye ukingo wa dimpo hazionekani bila lenzi. Likiwa moja, mahali pasipo na mzigo mkubwa, waulize waliochora ndege kama utaruhusiwa kuliacha. Mbavu nzima ikiwa imebonyezwa kinyume, agiza mbavu nyingine. Mbavu ni kitu kidogo, msiitolee machozi.

La pili linauma zaidi: kwenye fremu ya kugonga dimpo kwa nyundo, ncha haikuingia kwenye tundu, ukagonga, na sasa ngozi ina tundu jipya lililochongoka pembeni ya lile la zamani. Ukiona hivyo usigonge tena "kulinyoosha". Safisha kingo, pima kama tundu hilo na jirani yake vinaweza kufutwa kwa NAS1097, na kama haviwezi, kiraka kidogo ndani chenye ribiti zinazoshika bati zima pande zote. Kinga yake ni kusukuma bati kwa mkono kabla ya kila pigo: likiteleza, ncha haiko ndani.

Kuhusu kukunja nitasema kwa ufupi. 2024-T3 haikubali kunjo kali. Nusu kipenyo cha kunjo kiwe mara tatu hadi nne ya unene kama hujapewa kipimo kingine. Ikishakunjwa vibaya usiirudishe ukakunja tena palepale. Na asitokee mtu wa kuipasha moto ili ilainike. Utaua nguvu yote ya aloi na kwa macho itabaki ileile.

---

Bawa la Kushoto

Swali langu la mwisho. Ngozi ya eleveta, lile bawa dogo la mkia linaloinua na kushusha pua, inapwita. Ukiibonyeza katikati inaingia "pop", ukiachia inatoka. Ribiti zote nzuri, nimepima na geji yako. Kuna wanaosema nibandike kipande cha pembe kwa ndani, wengine nijaze epoksi yenye vipovu vya kioo kwa nje.

---

Nyundo Ndogo

Kupwita kunatokana na chuma kingi kubanwa kwenye nafasi ndogo: ribiti zilianzia pembeni zikaja katikati, au pini za Cleco, zile za kubana mabati kwa muda, zilikuwa chache. Kwenye ngozi ya bodi, kipande cha pembe chembamba kilichoribitiwa ndani kinatuliza, na ni kazi rahisi.

Kwenye eleveta simama kwanza. Chochote unachoongeza nyuma ya bawaba, iwe pembe, epoksi au rangi nene, kinasogeza uzito nyuma, na eleveta isiyo na uwiano inaweza kuanza kupepesuka kwa kasi hadi ing'oke. Epoksi kwa nje ndiyo mbaya zaidi hapo, uzito wote unakaa mwishoni na mpwito wenyewe unabaki chini yake ukiipasua.

Nianzie wapi ningekuwa wewe: angalia kama mpwito uko kati ya vikazio viwili (vile vipande vya kukazia ngozi kwa ndani) au umevuka kimoja. Ukivuka, kikazio hicho hakijashika, na ribiti "nzuri" za pale zinashika ngozi peke yake. Ukiwa katikati tu na ni mdogo, wapelekee waliochora ndege video, wengi wao wanaukubali kama ulivyo. Wakikuruhusu kuongeza pembe, pima upya uwiano wa eleveta ikiwa imepakwa rangi na kufungwa kila kitu chake, kabla hujaifunga kwenye mkia.

Tuma picha ya mwanga wa pembeni, na uandike ni kati ya kikazio cha ngapi na cha ngapi kuanzia kwenye bawaba ya ndani.